Maswali ya Wasomaji: Laki Sita kwa Mchezo Mmoja wa Gofu Jangwani?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mkazi wa Ilazo hapa Dodoma, mtumishi wa umma niliyebakiza miaka michache kustaafu, na gofu nilijifunzia Lugalo wakati ofisi yetu ilipokuwa bado Dar es Salaam. Mwezi Mei kijana wangu anahitimu chuo huko Tempe, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, nami nimeshapata viza ya kwenda kumpongeza. Shemeji yangu anayeishi karibu na hapo amenipangia kucheza gofu katika uwanja mmoja wa jangwani kaskazini mwa Scottsdale, siku ya Jumamosi asubuhi, kwa dola 240 kila mtu, na kila mtu ajilipie. Nikikokotoa kwa shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi 600,000 kwa mchezo wa saa chache. Picha alizonitumia zinavutia mno, lakini mama watoto, ambaye ana shamba la zabibu Hombolo, amezitazama mara moja tu akasema fedha hizo ni samadi ya msimu mzima. Je, uwanja wa namna hiyo una thamani ya bei yake, au nitakuwa nimelipia picha? (Jina limehifadhiwa.)

JIBU: Ndugu yangu wa Ilazo, hongera kwanza kwa kijana. Kwa kuwa shemeji yako anasubiri umjibu, nianze na jibu lenyewe: nenda ukacheze, lakini usicheze Jumamosi asubuhi, na usikubali kulipa dola 240 kabla hujauliza bei ya siku na saa nyingine.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba bei ile haipangwi na mandhari. Milima na mawe ya Scottsdale ni yale yale mwezi Februari na mwezi Julai, ilhali bei ya mwezi Julai huweza kuwa theluthi ya ile ya Februari katika uwanja ule ule. Kinachouzwa pale ni kalenda. Kuanzia Januari hadi Aprili watu wa Chicago, Minnesota na Canada hukimbia theluji ya kwao na kumiminika Arizona, ambako wakati huo hali ya hewa ni ya kupendeza, na mwezi Februari huchezwa pia mashindano ya Phoenix Open ambayo huujaza mji mzima. Ikifika Juni wageni huondoka, kwa sababu joto la mchana hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, mji wa Phoenix, jirani na Scottsdale, ulipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Mwezi Mei, ambao ndio wako, unakaa mlangoni: msimu wa bei kubwa umekwisha, na joto kali halijakomaa, ingawa siku za nyuzi 36 au 38 ni za kawaida. Zaidi ya hapo, viwanja vingi vya huko sasa hupanga ada kama mashirika ya ndege yanavyopanga nauli, ikipanda na kushuka kwa siku na kwa saa kufuatana na wanaoomba nafasi. Jumamosi asubuhi ndiyo saa inayogombewa kuliko zote. Siku ya katikati ya wiki, kuanzia saa nane au saa tisa alasiri, ada mara nyingi hushuka hadi karibu nusu, na kwa kuwa mwezi Mei jua la Arizona huzama baada ya saa moja usiku, mtaweza kumaliza mashimo yote 18, yaani mchezo mzima, mkiwa bado mnauona mpira.

Nasema haya kwa sababu nililipia ujinga huo mwenyewe. Uwanja siutaji, lakini ulikuwa wa daraja hilo hilo, nami nilikwenda Jumamosi, mwezi Machi, kwa zaidi ya dola 200. Tulicheza kwa muda wa saa tano na nusu. Katika kila kituo cha kuanzia tulikuta magari mawili madogo ya wachezaji mbele yetu, watu wamekaa wakisubiri wa mbele waondoke, na kufikia shimo la 12 nilikuwa nimeshajua majina ya wajukuu wote wa bwana aliyekuwa nyuma yetu. Mandhari ilikuwepo, tena nzuri ajabu, ila mtu akiitazama kwa nusu saa akiwa amesimama juani, kitu cha kwanza anachokifikiria ni kivuli.

Sasa tuje kwenye kile unachonunua. Ada ya viwanja hivyo kwa kawaida hujumlisha gari dogo la umeme, maji baridi na mipira ya kufanyia mazoezi kabla ya kuanza. Gari hilo si anasa, maana kutoka grini moja, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, hadi kituo cha kuanzia kinachofuata huweza kuwa mwendo mrefu wa kupanda na kushuka mabonde, na viwanja vingi vya aina hiyo havikuchorwa kwa ajili ya watembea kwa miguu. Haijumlishi fimbo za kukodi, ambazo mara nyingi ni dola 70 hadi 100, wala chakula, wala bahasha ndogo ya kijana atakayekupangusia fimbo mwishoni, ambaye kwa desturi ya Marekani hungojea dola chache. Haijumlishi pia mipira utakayoipoteza, na utaipoteza, niamini. Kwa hiyo ile laki sita ya shemeji, ukiiacha kama ilivyo, itafika laki tisa kabla hujarudi nyumbani kwake. Katika hesabu hiyo mama watoto hajakosea hata kidogo.

Kuhusu nyasi, nina habari itakayokufurahisha. Zile nyasi za kijani zinazoangaza katika picha wakati wa kiangazi cha Arizona huitwa Bermuda huko, lakini asili yake si Bermuda wala si Marekani. Ni ukoo wa ukoka wetu huu huu unaotambaa pembeni mwa mifereji ya Dodoma, na machotara yake mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya gofu yamezalishwa kwa kuchanganya ukoka wa kawaida na ukoka wa kusini mwa Afrika. Ukoka hupenda joto, nao wakati wa baridi hulala ukawa na rangi ya nyasi kavu za Kongwa mwezi Septemba. Ili wageni wa Januari waone kijani, kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba uwanja hufungwa wiki kadhaa, ukoka hukatwa hadi karibu na udongo, kisha hupandwa juu yake nyasi nyingine za nchi za baridi. Mwezi Mei ndipo nyasi hizo za kupandwa zinapoanza kufa kwa joto na ukoka kuamka chini yake, kwa hiyo usishangae ukikuta mabaka hapa na pale ambayo katika picha hayamo. Mwombe shemeji apige simu aulize mambo mawili: nyasi zimefikia wapi, na kama grini zimetobolewa matundu ya kuingiza hewa hivi karibuni, kwa sababu grini iliyotobolewa hurusharusha mpira na hakuna dola 240 zitakazokufariji.

Uchezaji wenyewe utakuwa mgeni kwako. Lugalo, mpira ukipotoka, mara nyingi utaukuta kwenye nyasi ndefu au chini ya mti, nawe utaendelea. Kule sheria ya maji ya jimbo huwabana wenye viwanja vipya: uwanja wa mashimo 18 hupangiwa maji ya kutosha nyasi za ekari 90 hivi, ambapo uwanja wa kizamani ungeweza kufika ekari 120 hata 150 za majani matupu. Matokeo yake ni kwamba wachoraji hutandika kijani kama visiwa: kisiwa cha kuanzia, kisiwa cha katikati, kisiwa cha grini, na kati yake ni changarawe, mawe na miiba. Mpira unaotoka nje ya kisiwa umekwenda. Kwa ajili hiyo chagua vituo vya kuanzia vya mbele na usione haya. Wanaume wengi huanzia nyuma kwa kiburi, kisha hutumia siku nzima kutupa mipira ya dola nne nne vichakani. Uliza pia dukani, kabla ya kuanza, kama jangwa lote limewekwa kuwa eneo la adhabu, kwani viwanja vingi hufanya hivyo: unaongeza mkwaju mmoja, unadondosha mpira mwingine pembeni mwa nyasi, safari inaendelea.

Na mpira uliokwenda usiufuate. Mimi niliufuata. Niliuona umekaa mweupe kabisa hatua tano kutoka kwenye nyasi, nikainama, na niliponyanyuka nilikuwa nimebeba kwenye suruali, chini kidogo ya goti, kipande cha mpungate kinachoitwa cholla, kikubwa kama limau, kimejaa miiba myembamba yenye rangi ya dhahabu. Nilitaka kukitoa kwa mkono. Mwenyeji wangu alipiga kelele, akachomoa kitana cha kawaida cha nywele mfukoni, akakiingiza kati ya kile kipande na kitambaa, akakirusha mbali kwa mfyatuko mmoja, kisha akarudisha kitana mfukoni kana kwamba hakuna lililotokea. Nimekwaruzwa na kikwata tangu utotoni katika vichaka vya huku kwetu, lakini kikwata hukushika ukiwa umesimama nacho. Hiki huondoka na wewe. Wapo pia nyoka wenye njuga mkiani, ambao mwezi Mei wameshaamka.

Lililobaki ni mandhari yenyewe, na hapa mtu wa Dodoma ana shida ambayo mtu wa Chicago hana. Kaskazini mwa Scottsdale, katika viwanja kama Troon North uliofunguliwa mwaka 1990, sifa kubwa ni mawe: mawe makubwa ya matale ya rangi ya udongo yaliyopangana juu ya vilima kama yamewekwa na mkono. Mtu aliyekulia akiuona Mlima Simba kila asubuhi hatapigwa na butwaa kwa mawe. Kitakachokusimamisha ni vitu viwili. Cha kwanza ni saguaro, mpungate unaokua jangwa la Sonora peke yake, unaofika mita 12 na zaidi, unaokaa miaka 50 au zaidi kabla haujachipua mkono wa kwanza, na ambao sheria ya Arizona inakataza kuudhuru. Nilisimama mbele ya mmoja wenye mikono minne. Umekwisha zaliwa kabla ya reli ya kati kufika Dodoma, nikawaza. Mwingine pembeni ulikuwa na mipira miwili ya gofu imezama kifuani mwake, imekaa kama vifungo. Cha pili ni ule mstari ambapo nyasi hukatika ghafla. Huku kwetu kijani na ukavu huachana polepole, mwezi kwa mwezi. Kule unaweza kuweka mguu mmoja kwenye zulia na mwingine kwenye changarawe, na alasiri jua linapoinama vivuli vya saguaro hulala juu ya zulia lile kwa urefu wa feawei nzima, yaani njia ya nyasi kati ya kituo cha kuanzia na grini. Kwa ajili ya saa hiyo moja ningelipa tena. Kwa ajili ya asubuhi ya saa nne, jua likiwa juu na kila kitu kikiwa bapa, nisingelipa.

Tahadhari ya mwisho kuhusu picha: angalia kama kuna nyumba. Viwanja vingi vya huko vilijengwa ili kuuza viwanja vya makazi, na mpiga picha hodari hujua kuzikwepa kuta na mabwawa ya kuogelea yanayofuatana pande zote mbili. Kama shemeji yako anakubali kubadilisha, mwambie akutafutie nafasi We-Ko-Pa, upande wa mashariki, uwanja ulio katika ardhi ya Wenyeji wa Asili wa Fort McDowell, ambako hakuna nyumba kabisa. Kuna viwanja viwili pale, na ule uitwao Saguaro, uliochorwa na Bill Coore na Ben Crenshaw, unafaa hata kwa kutembea kwa miguu. Na kama mtabanwa na fedha, upo Papago, uwanja wa manispaa ya Phoenix uliofunguliwa mwaka 1963, wenye majabali mekundu mbele ya macho yako, tena karibu sana na Tempe.

Mama watoto mnunulie samadi kwa tofauti ya bei ya Jumamosi na ya Jumatano. Haitamaliza shamba, lakini umwonyeshe hesabu.

SWALI: Mshauri, mimi sichezi gofu wala sina mpango. Ninaishi Bahi, na kisima chetu kikiharibika tunajua maana ya ndoo moja. Ninapoona picha za nyasi jangwani najiuliza kama anayelipa bei hiyo hajishirikishi katika dhambi ya maji. Unasemaje? (Mama S.)

JIBU: Mama S., swali lako ni zito kuliko la kwanza, nami sitalizunguka. Phoenix hupata mvua ya milimita 180 hadi 200 kwa mwaka, yaani karibu theluthi ya mvua ya Dodoma, ambayo kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600. Uwanja wa mashimo 18 katika eneo lile, ukichukua wastani wa mwaka mzima, hunywa zaidi ya lita milioni moja kwa siku. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu mmoja wa kijijini kwa siku. Gawanya mwenyewe: uwanja mmoja ni maji ya watu 40,000.

Kuna upande mwingine wa kusemwa. Viwanja vingi vya kaskazini mwa Scottsdale havimwagiliwi maji ya kunywa, bali maji taka ya mji yaliyosafishwa na kusukumwa huko kwa mabomba yake maalumu, na ule ukomo wa ekari 90 niliomweleza ndugu wa Ilazo uliwekwa kwa ajili ya kulinda maji ya ardhini baada ya sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1980. Hata hivyo si kila uwanja uko hivyo. Vipo vinavyotegemea visima, na vipo vinavyotegemea mto Colorado, ambao Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi, kwa mara ya kwanza, kwamba maji yake hayatoshi mgao uliokuwepo. Kwa maoni yangu mchezaji ana haki ya kuuliza maji yanatoka wapi kabla ya kulipa, kama anavyouliza bei ya fimbo, na akijibiwa kwamba ni maji ya mto huo, ningemwelewa akigeuza gari. Lakini siwezi kumwambia mtu wa Ilazo kwamba dola zake zingebaki mfukoni kisima cha Bahi kingetengenezwa. Hicho kina watu wake wa kuulizwa, na hawako Arizona.

SWALI: Dodoma ina mawe, ina vichaka, ina jua, na sasa ina treni ya umeme na wageni wa serikali. Kwa nini nasi tusijenge uwanja wa jangwani tukawatoza watalii dola 240? (Kijana wa Ihumwa.)

JIBU: Kwa sababu, kijana, ile bei ninayoizungumzia haikutokana na mawe. Imetokana na mji na vitongoji vyake vyenye watu karibu milioni tano, uwanja wa ndege mkubwa, na majira ya baridi ya nusu bara la Amerika Kaskazini. Hapa nchini watalii wenye dola hupita kaskazini kwenda mbugani, na ndiyo maana uwanja wa Kili Golf uliwekwa Usa River, ambako mchezaji huiona milima ya Meru na Kilimanjaro. Isitoshe Dodoma si jangwa. Mvua yetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ukoka hukauka kwa zaidi ya nusu mwaka, na kuufanya uwe kijani mwezi Septemba kungehitaji maji ambayo mji unayapigania kutoka visima vya Makutupora.

Lakini wazo lako lina mbegu, ila ulipande kwa namna nyingine. Zamani, katika nchi nyingi kavu, na hapa Afrika pia, grini hazikuwa za nyasi bali za mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, na wazungumzaji wa Kiingereza waliziita kwa jina la rangi ya kahawia badala ya kijani. Kedi, yaani msaidizi wa mchezaji, huchukua ubao wenye mpini, akauburuta kutoka mpira ulipo hadi kwenye shimo, na nyuma yake hubaki njia laini yenye upana wa unyayo, kisha mchezaji husukuma mpira juu ya njia hiyo. Mashimo tisa ya aina hiyo, yaliyopita kati ya mawe na mibuyu bila kukata mti, yangetosha katika ekari 60 hivi, yangetumia maji kidogo sana, na ada yake ingeweza kuwa ya mtu wa mshahara wa kawaida. Mtalii asingelipa dola 240, ila mtumishi wa Ihumwa angecheza kila Jumamosi bila kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Kama kuna eneo unalolijua, niandikie tena ueleze mteremko wake ukoje, mwenyewe ni nani, na mvua ikinyesha maji huelekea wapi.